Tenti ya Asili na Tenti ya Upasuaji

Hotuba kamili ya Bwana Meshack Gakuru, Mratibu wa Mradi wa Ubora wa Maisha ya Mama Baada ya Kukoma Hedhi, aliyoitoa Kitengela, katika kiwanja kilicho nyuma ya soko la ng'ombe, Jumamosi moja ya Agosti 2004, kama ilivyonakiliwa na karani wa mkutano.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye hakuweza kufika, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni wa Heshima, ambaye yuko njiani tangu asubuhi na ambaye kiti chake kile chenye kitambaa cheupe naomba asikikalie mtu, Wakuu wa Idara kutoka makao makuu ya wilaya kule Kajiado, pamoja na wale waliotuma madereva wao, Machifu na Manaibu wa Chifu, Wachungaji, Mapadri na Wazee wa Kanisa, Mwenyekiti wa Soko la Mifugo, Mwalimu Mkuu aliyetuazima viti, Kwaya, waandishi wa habari, kama wapo, mke wangu mpendwa Bi. Roda, Mama Cate, ambaye ameketi hapa jukwaani upande wangu wa kulia akiwa na kitenge cha rangi ya mradi. Na mwisho kabisa akina mama, ambao ndio wenye shughuli: hamjambo? (Makofi kutoka jukwaani.) Takwenya, akina mama. (Wachache kwenye ua, wakiitikia salamu hiyo ya Kimaasai: "Iko.") Itifaki imezingatiwa.

Kabla sijaingia katika kiini cha hotuba yangu, niko na tangazo moja la kiutawala. Mtaona kwamba kamati yangu, baada ya vikao virefu, imesimamisha tenti mbili. Tenti ya kijani imeandikwa ASILI, na hiyo ni ya akina mama ambao hedhi ilikoma yenyewe. (Mzee wa kanisa akohoa.) Tenti ya buluu imeandikwa UPASUAJI, na hiyo ni ya akina mama ambao hedhi ilikomeshwa hospitalini. Mpangilio huu ni wa kisasa, unarahisisha takwimu na ugawaji wa soda. Lakini tangu saa mbili asubuhi tenti zote ziko tupu, na akina mama wote mmesimama kwenye jua kando ya ua, jambo ambalo linaharibu picha.

(Sauti ya mama mmoja: "Bwana Mratibu, mama mkwe wangu ako hapa. Nitaingiaje kwa tenti imeandikwa hivyo na yeye ananiangalia?")

Hilo ni swali zuri sana, na litashughulikiwa katika awamu ya pili.

(Sister Nelima Wangila, muuguzi mstaafu wa zahanati, akiwa amesimama na hao akina mama: "Na mwenye hajui alitolewa nini, akae wapi?")

Sister Nelima, nakuheshimu kwa miaka uliyotumikia serikali, lakini category hiyo haipo. Mwanamke hawezi kukosa kujua kilichotoka katika mwili wake. Hata fomu zetu hazina kisanduku hicho. Tuendelee.

Mabibi na mabwana, suala lililotukusanya hapa leo ni suala nyeti, pana, mtambuka na la kitaalamu, na nitalieleza kwa lugha nyepesi ili hata mwananchi wa kawaida apate kunifuata. Mama akifika umri wa miaka hamsini hivi, hedhi hupungua kidogo kidogo, inakuja, inapotea, inarudi, mpaka siku moja haiji tena, na hiyo kitaalamu tunaiita kukoma kwa asili. Ni sawasawa na mtumishi wa umma anayestaafu kwa umri: anapewa notisi, anafanyiwa karamu, anapanda miti nyumbani. Lakini kuna mama mwingine ambaye anaingia hospitali akiwa na ugonjwa wake, anawekwa mezani, vile vifuko viwili vya mayai vinaondolewa, na jioni anaamka akiwa tayari amekoma. Huyo ni kama mtumishi aliyekumbwa na retrenchment, aliyeachishwa kazi ghafla, na nyinyi mnaikumbuka ile retrenchment. (Kicheko kutoka kwa wakuu wa idara, kikikatika haraka.) Swali la kisayansi likawa hili: je, kati ya hawa wawili, ni nani mwenye maisha bora baadaye? Hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo katika wilaya hii. Mimi niliuliza. (Makofi kutoka jukwaani.)

Sipendi kujisifu, lakini ukweli ukisemwa na mtu mwingine unaweza kupungua, kwa hivyo nitausema mwenyewe. Nimehudhuria semina tano juu ya kukoma hedhi, mbili Naivasha, mbili Mombasa na moja Nyeri iliyokuwa na baridi kali, jumla ya siku kumi na tisa, na ninadiriki kusema kwamba hakuna mwanamume kutoka Namanga mpaka Ngong ambaye amekaa katika suala la kukoma hedhi kwa muda mrefu kuliko mimi. (Sauti: "Pole sana.") Asante, mama.

Nilipotoka katika semina ya tatu nikaandaa framework, na kutoka kwa framework nikaandaa concept paper, na kutoka kwa concept paper tukafanya baseline survey ya wilaya nzima, kutoka Embulbul mpaka Matasia, kutoka Laiser Hill mpaka Isinya, ambapo fomu mia mbili na kumi na mbili, kila moja ikiwa na maswali kumi na saba, zilipelekwa kupitia kwa machifu hadi kwa mkuu wa kila nyumba, naye mkuu wa nyumba, kwa kuwa ndiye anayemjua mkewe vizuri, akaijaza kwa niaba yake. Matokeo yalitushangaza hata sisi. Miongoni mwa wale wa upasuaji, ubora wa maisha ulikuwa asilimia tisini na nne nukta moja. Na miongoni mwa wale wa asili, ubora wa maisha ulikuwa asilimia tisini na nne nukta moja. (Makofi.) Hakuna tofauti. Hata nukta haikusogea. Kile kidogo kilichobaki kufika mia kinatokana na swali la kumi na saba, lililouliza, "Mhojiwa mwenyewe ana lipi la kusema?", ambalo kwa bahati mbaya halikupata majibu popote wilayani.

(Sauti nyingi: "Sisi hatukuulizwa.")

Akina mama, hamkuulizwa, lakini mliwakilishwa. Ndivyo hata bunge linavyofanya kazi.

Sasa, kwa kuwa sayansi bila maendeleo haishibishi mtu, nageukia jengo mnaloliona nyuma yangu, lile la mabati lenye kibao kilichofunikwa shuka. Kibao hicho kitakapofunuliwa mtasoma, Kituo cha Ubora wa Maisha ya Mama Baada ya Kukoma Hedhi, Kitengela. Ndani ya kituo hiki, katika awamu mbalimbali na kwa kutegemea upatikanaji, kutakuwa na daktari wa akina mama kila Jumanne, vidonge vya homoni kwa wanaostahili, mashine ya kupima ugumu wa mifupa, chumba cha mashauri ambamo mama ataongea na mwanamke mwenzake bila kusikika nje, na feni nne za kisasa kwa ajili ya yale mambo ya joto. (Makofi, mara hii kutoka kwenye ua. Mama mmoja anauliza Jumanne ya lini. Hajibiwi.)

Na ili mjue kwamba hatuzungumzi hewani, nitawasomea fomu moja, fomu namba 001, ambayo imejazwa kwa usafi wa mfano. Maadili ya utafiti hayaniruhusu kutaja jina la mama huyu, kwa hivyo tutamwita Mama X na mtu yeyote asijaribu kumtafuta. Nasoma. Umri, miaka arobaini na mitano. Makazi, Kitengela, geti la kijani linalotazamana na posho mill. Watoto watatu, wa kwanza anaitwa Cate. (Watu wanatazama jukwaani.) Jina la mjazaji limehifadhiwa, lakini ni mtu mwenye elimu na wadhifa. Namba tano, hedhi ilikoma lini: Machi 1998, siku ya Alhamisi. Namba sita, kwa njia gani: upasuaji, kwa sababu ya fibroids, yaani uvimbe wa kizazi. Namba saba, je, mhojiwa husumbuliwa na joto la ghafla: hapana, ila hufungua madirisha ya kanisa kwa hiari yake. Namba nane, afya kwa jumla: nzuri, isipokuwa malaria, ambayo ametibiwa mara kumi na moja. Namba tisa, je, ovari ziliondolewa: ndiyo, zote mbili, kwa idhini ya mume. Namba kumi, je, mhojiwa alijulishwa: haikuonekana ni lazima. Namba kumi na moja, mifupa: imara, ingawa mwaka jana alivunjika mkono wa kushoto akiteleza jikoni, ajali ya kawaida. Namba kumi na mbili...

(Bi. Roda, akiwa bado ameketi: "Baba Cate. Rudi namba tisa.")

Mama Cate, utaratibu ni kwamba maswali yatachukuliwa mwisho.

(Bi. Roda: "Soma namba tisa.")

Kwa ajili ya uwazi na uwajibikaji, ambazo ni nguzo mbili za mradi wetu, nasoma tena. Namba tisa. Ovari ziliondolewa, zote mbili, kwa idhini ya mume. (Mwenyekiti wa Soko la Mifugo anavua kofia, anaivaa tena.) Nadhani imesikika.

(Bi. Roda: "Mimi niliambiwa ni kizazi peke yake. Ni wewe uliniambia, nikiwa kwa kitanda, ukishika mkono yangu. Ukasema wametoa kizazi na wakafunga.")

Mama Cate, mambo ya nyumbani yana jukwaa lake. Lakini kwa kuwa limeulizwa hadharani na mdau, nitatoa ufafanuzi mfupi wa kiutawala. Siku hiyo daktari alinikuta koridoni. Alieleza kwamba anaondoa kizazi, kisha akauliza kama aondoe na vile vifuko, maana huenda siku za usoni vikaleta shida. Nilikuwa na kikao Kajiado saa nane. Nilimuuliza, kama mtu wa mipango, je, tukiviacha kuna uwezekano wa kurudi hapa? Akasema uwezekano upo. Nikaona si busara kazi moja ifanywe mara mbili. Nilitia sahihi nakala tatu, kwa kalamu nyeusi, katika nafasi iliyoandikwa "mume au mlezi." Utaratibu wote ulifuatwa.

(Bi. Roda: "Nilikuwa na miaka thelathini na tisa.")

Umri umeonyeshwa katika fomu.

(Sister Nelima, kutoka kwenye ua: "Roda, hiyo si malaria. Wewe mtu wa Kitengela, huku kukavu hakuna mbu, utashikwa na malaria mara kumi na moja ukitoa wapi? Mwenye ametolewa ovari na miaka thelathini na tisa anawakwa na joto, analala vibaya, analia bila sababu, mifupa inaisha nguvu. Ya asili inakuja pole pole, hii inakuja siku moja. Ulifaa kuonwa na daktari wa akina mama hiyo wiki, muongee maneno ya homoni, upimwe mifupa. Na bado hujachelewa, mama.")

Sister, takwimu zangu za asilimia tisini na nne nukta moja haziungi mkono...

(Bi. Roda amesimama. "Miaka sita nimekunywa dawa ya malaria. Niliacha kwaya juu jasho ilikuwa inanitoka nikiimba, watu wakafikiri niko na pepo. Mchungaji aliniombea mara tatu, wewe ukiwa umesimama hapo nyuma yangu, umeshika koti. Nilikuwa naenda kwa choo ya kanisa nalia, namwambia Mungu anisamehe, na sijui nimekosa nini. Nilifikiri nimekuwa mtu mbaya, Baba Cate. Nilifikiri ni roho yangu imeharibika. Na wewe ulikuwa unajua.")

Roda, mimi sikujua kwamba hivyo vitu vina kazi nyingine baada ya watoto. Nilidhani... hata ningejua, ningekuambiaje? Kila mwaka ilikuwa inakuwa ngumu zaidi. Naomba sehemu hiyo isinakiliwe.

(Imenakiliwa.)

Mabibi na mabwana, naomba utulivu. Kilichotokea hivi punde kinaitwa feedback, na mradi wowote uliokomaa huikaribisha. Mama Cate, naomba unirudishie fomu, bado nilikuwa namba kumi na mbili. (Bi. Roda ameichukua fomu namba 001 mkononi mwa msemaji na anashuka jukwaani kwa ngazi, mkono wa kushoto ukiwa kifuani. Anapita katikati ya kiwanja. Anaingia tenti ya buluu, iliyoandikwa UPASUAJI, anaketi kiti cha mbele.) Naona Mama Cate ameonyesha mfano mwema wa kutumia tenti. Nampongeza. Kama nilivyosema, mpangilio ni wa kisasa.

Na sasa naona Sister Nelima naye anaingia tenti hiyo hiyo, ingawa kwa rekodi zangu Sister alikoma kwa asili, kwa hivyo amekosea tenti. Sister, yako ni ya kijani. Sister. (Akina mama wanaondoka kwenye ua, wawili wawili.) Akina mama, naomba tusichanganye takwimu. Wewe mama wa leso nyekundu, wewe ni wa upasuaji, ama? (Mama wa leso nyekundu, aliyeuliza juu ya mama mkwe, anaingia tenti ya buluu. Mama mkwe wake anamfuata na kusogeza kiti karibu naye.) Sasa tenti ya kijani haina mtu hata mmoja, na tenti ya buluu imejaa mpaka wengine wamekaa chini kwenye nyasi, na mtu akiangalia kutoka mbali atafikiri wilaya nzima ilifanyiwa upasuaji. Hii ripoti nitaiandikaje?

Naharakisha. Nilikuwa na kurasa tisa zaidi juu ya sustainability, lakini kwa kuwa jua ni kali nazichukulia kama zimesomwa. (Makofi kutoka kwa madereva.) Nafunga kwa kaulimbiu zetu, na naomba mniitikie kwa sauti. Nikisema "Tenti mbili", mtasema "Lengo moja". Tenti mbili. (Wote wanatazama tenti ya buluu.) Nikisema "Mama akikoma", mtasema "Maendeleo hayakomi". Mama akikoma. (Kutoka tenti ya buluu, sauti ya Sister Nelima ikiuliza mtu, "Na wewe ulitia sahihi mwenyewe, ama ulitiliwa?") Inaitikiwa kwa moyo, nimeiona. Asanteni.

Sasa shukrani. Nawashukuru kwanza wakuu wa idara kwa uvumilivu wao. Namshukuru Mwakilishi wa Mgeni wa Heshima, ambaye nimepata habari kwamba amegeuza gari pale Athi River. Namshukuru Mwalimu Mkuu kwa viti. Kwa namna ya pekee namshukuru Bwana Metito, mfugaji wetu, kwa kutuazima ghala lake la nyasi kavu tangu asubuhi ili litumike kama kituo, na namhakikishia kwamba kibao na shuka vitaondolewa kabla ya saa kumi, maana ana lori la nyasi linakuja, na kwamba hakuna mtu wa mradi aliyeingia ndani, wala hakuna kitu cha mradi cha kutoa huko ndani. (Bwana Metito anainua mkono. "Ashe oleng, asante sana. Lakini lori imefika.") Nawashukuru wenye hoteli ya Mombasa, ambao ukumbini mwao ilipigwa ile picha ya mashine ya kupima mifupa mliyoiona kwenye kadi ya mwaliko. Daktari wa Jumanne namshukuru pia, na nitamshukuru kwa jina atakapopatikana. Nawashukuru machifu, ambao walikuwa tayari kabisa kusambaza fomu kama zingewafikia.

Na hapo, kabla ya maombi ya kufunga, niko na ombi moja dogo. Yeyote aliye karibu na tenti ya buluu aniletee ile karatasi. Fomu namba 002 hadi namba 212 ni nakala zilizopigwa fotokopi kutoka kwa hiyo, nusu zikiwekwa faili ya kijani na nusu faili ya buluu, na mimi mwenyewe sijapata kujaza nyingine. Ofisi ya Kajiado inataka original. Kwa hivyo, Mama Cate, naomba unielewe, na nasema hivi kwa heshima zote: karatasi uliyoshika ndiyo mradi. Hakuna kingine. Nirudishie, tafadhali, Roda.

(Kutoka tenti ya buluu, Sister Nelima: "Ngoja, Bwana Mratibu. Bado anaijaza. Tuko namba kumi na saba, ile ya mhojiwa mwenyewe, na nafasi haitoshi. Mwenye ako na kalamu ingine atuletee, hii imeisha wino.")

(Karani amepeleka yake. Hotuba imenakiliwa mpaka hapa.)